Nataka kuacha kazi bila kumuumiza mkuu aliyenilea kikazi

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 34, ni mhasibu wa mishahara katika kampuni ya usafirishaji yenye wafanyakazi 86, na nimekaa hapa miaka 7. Mishahara yote naiandaa mwenyewe. Nafunga hesabu tarehe 25, mkuu wangu anaidhinisha kwenye mfumo wa benki, na watu wanapata fedha zao kabla ya tarehe 28. Sina msaidizi.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikijifunza umeme wa jua jioni na wikiendi. Sasa nimeambiwa nimepata nafasi ya mafunzo ya ufundi ya miezi 9, ya kutwa nzima, yanayoanza Jumatatu tarehe 4 Agosti. Nimeshaamua kwenda. Siandiki kuuliza kama niende au nisiende, nauliza namna ya kuondoka.

Mkuu wangu, ambaye idara nzima tunamwita Mama, ndiye aliyenipokea nikiwa sina uzoefu wowote. Alipigania kampuni inilipie kozi ya programu ya mishahara, nikasaini kubaki miezi 24 kuanzia tarehe 1 Desemba mwaka juzi. Mkataba wangu unataka notisi ya mwezi mmoja. Nina siku 14 za likizo ambazo sijazitumia, na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, umebakiza miezi 11.

Naogopa ataona asante ya punda ni mateke. Wenzangu wawili tayari wanajua. Mmoja ananishauri nipeleke barua tarehe 1 Julai, si kabla, nisije nikaondolewa mapema. Mwingine anasema nisingizie kwamba mzazi wangu anaumwa, ili Mama asikasirike. Barua nimeiandika mara tatu nikaichana. Ya mwisho ilifika kurasa mbili. Na akisema ataniongezea mshahara nibaki, nimjibu nini?

Mhasibu aliye njia panda

*

Dada, salaam.

Tuanze na hilo la kusingizia ugonjwa, kwa kuwa ndilo lenye madhara ya haraka. Usilifanye. Mama atakuuliza hali ya mgonjwa leo, atauliza tena wiki ijayo, na siku moja mtu wa ofisini atakukuta juu ya paa unafunga paneli. Kuanzia hapo hutakumbukwa kama mfanyakazi aliyeacha kazi, utakumbukwa kama mtu aliyemdanganya. Tena ukweli wako ni mwepesi kuupokea kuliko unavyodhani. Mwajiri akiletewa barua ya kuacha kazi huingiwa na hofu mbili: kwamba unahamia kwa mshindani na siri zake, na kwamba unamwachia pengo. Wewe unaingia fani nyingine kabisa, kwa hiyo hofu ya kwanza inaisha ukishamweleza. Inabaki ya pili, na hiyo ndiyo ya kuifanyia kazi.

Pengo lako lina tarehe. Ni 25 Agosti, mara ya kwanza mishahara kufungwa bila wewe. Jaribu kuiona siku hiyo. Mtu mpya amefungua faili. Saa za ziada za madereva zimeletwa asubuhi ileile, na hajui kwamba wewe ulikuwa ukizifuata mwenyewe tangu tarehe 20. Kuna mfanyakazi aliyerudi kutoka likizo ya uzazi katikati ya mwezi, na hesabu ya siku zake ulikuwa nayo kichwani. Anafika mwisho, anaingiza malipo kwenye mfumo wa benki, mfumo unadai namba ya siri ya mara moja, na namba hiyo inatumwa kwenye simu yako binafsi, ambayo imezimwa kwa sababu uko darasani. Watu 86 wanasubiri, na Mama ndiye anayepigiwa simu. Barua ya kurasa mbili iliyojaa shukrani haitamsaidia kitu siku hiyo. Mambo yakienda sawa, hata kama alinuna Juni, kinyongo kitaisha chenyewe.

Kwa hiyo ushauri wetu wote unaelekea kwenye tarehe hiyo. Ila kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, kuna karatasi za kukagua.

Ya kwanza ni barua ya nafasi yako ya mafunzo. Umeandika kwamba "umeambiwa" umepata. Umeambiwa kwa simu, au unayo barua yenye jina lako, tarehe ya kuanza na masharti? Nafasi nyingi za mafunzo zina masharti yanayokuja baadaye: malipo ya awali kabla ya tarehe fulani, uchunguzi wa afya, vyeti halisi. Timiza yote, pata uthibitisho wa maandishi, ndipo uende kwa Mama. Barua ya kuacha kazi ikishapokelewa, kuirudisha kunategemea hiari ya mwajiri, na si haki yako.

Ya pili ni mkataba wako wa ajira. Usitegemee kumbukumbu, usome. Angalia kama umeandikwa "mwezi mmoja" au "siku 30", kama siku ni za kalenda au za kazi, na kama notisi inaanza siku barua inapopokelewa. Siku 30 za kazi ni karibu wiki 6. Notisi kwa kawaida huhesabiwa tangu barua ilipomfikia mwajiri, tarehe uliyoandika juu ya karatasi haihesabiki. Hapo ndipo ushauri wa tarehe 1 Julai unapokuwa wa hatari: ukiipeleka siku hiyo ukakuta Mama yuko safarini, ikapokelewa tarehe 4, mwezi wako unaishia tarehe 4 Agosti, siku ya kwanza ya darasa. Ukiondoka kabla ya muda huo bila makubaliano, mikataba mingi inakudai mshahara wa siku ulizokatisha.

Ya tatu ni makubaliano ya kozi. Tafuta sentensi inayosema utadaiwa nini ukiondoka mapema. Kuna aina mbili. Moja inapunguza deni kila mwezi unaofanya kazi, nyingine inadai gharama yote hata ukibakiza wiki moja. Tuchukulie kozi iligharimu 600,000 na deni linapungua kila mwezi. Ukiondoka mwisho wa Mei umetimiza miezi 18, unabakiza 6 kati ya 24, yaani robo, na deni ni 150,000. Ukiondoka tarehe 31 Julai umetimiza miezi 20, unabakiza 4, na deni linashuka hadi 100,000. Kama yako ni ile ya kudai yote, usikate tamaa, ila usikae kimya pia. Mwombe Mama kwa maandishi ikokotolewe kwa miezi iliyobaki, na uombe siku ileile unapompa mpango wa makabidhiano. Ombi hilo husikilizwa zaidi likitoka kwa mtu anayeacha kazi ikiwa imenyooka.

Likizo yako ya siku 14 inaweza kuwa na mwisho wa namna tatu: uichukue, ulipwe, au ipotee, kutegemea sheria za kazi za mahali ulipo na kanuni za kampuni. Usidhani unaweza kuitumia kufupisha notisi. Sehemu nyingi hilo linataka ridhaa ya mwajiri. Ukilipwa, kitu cha kuangalia ni kigawanyo, na wewe kama mhasibu wa mishahara unakifahamu. Mshahara wa 900,000 ukigawanywa kwa siku 30, siku 11 za likizo (utaona mwishoni kwa nini si 14) ni 330,000. Ukigawanywa kwa 26 ni karibu 380,800. Ukigawanywa kwa 22 ni 450,000. Kigawanyo sahihi ni kile kilichoandikwa, na kama hakikuandikwa popote, uliza walioondoka kabla yako walilipwa kwa kipi.

Mkopo wa benki usiuache mpaka mwisho. Mikopo inayokatwa kwenye mshahara mara nyingi ina kifungu kinachoruhusu benki kudai salio lote ajira inapokoma, au kubadilisha masharti. Nenda benki na makubaliano yako, uliza marejesho ya miezi itakayobaki yatalipwaje wakati wa mafunzo, na waombe jibu la maandishi. Kumbuka utakuwa miezi 9 bila mshahara huu, na 11 iliyobaki leo haitaisha kabla ya Agosti. Kama jibu la benki ni gumu, bora ulijue sasa ukiwa bado na nafasi ya kupanga. Bima ya afya ya kazini nayo mara nyingi hukoma siku ya mwisho ya ajira au mwisho wa mwezi huo. Vipimo, miwani na dawa za kudumu zifuatilie ukiwa bado umo.

Sasa tarehe ya kusema. Pendekezo letu ni Jumanne tarehe 3 Juni, na siku ya mwisho iwe 31 Julai. Ni notisi ndefu kuliko mkataba unavyodai, na sababu ni moja: inakupa mizunguko miwili ya mishahara. Mzunguko wa Juni unaandaa wewe, mtu mpya ameketi pembeni anaandika. Wa Julai anaandaa yeye, wewe umeketi pembeni umenyamaza. Mzunguko mmoja hautoshi, kwa sababu mtu anayekutazama ukifanya kazi huona kila kitu ni rahisi, na maswali ya kweli humjia anaposhika mwenyewe.

Hata hivyo, hofu ya mwenzako wa kwanza ina msingi. Wako waajiri wanaomtoa mtu siku ileile anapotoa barua, hasa anayeshika fedha. Fikiria watu 3 au 4 walioondoka kampuni yenu miaka ya karibuni: walimaliza notisi, au walinyang'anywa funguo mchana uleule? Kama ni desturi yenu kumtoa mtu, mpe Mama notisi ya mkataba tu, na ufidie muda uliopungua kwa kuandika hati ya makabidhiano kuanzia leo. Vyovyote iwavyo, siku unayoingia kwa Mama uwe na akiba ya kukufikisha Agosti bila mshahara wa Juni na Julai. Mtu ambaye hawezi kumudu kuondolewa leo huongea kwa woga, na woga ndio unaomfanya mtu aahidi asichokiweza.

Kuhusu wenzako wawili: siri ikishajulikana na watu wawili haiko salama, na jambo litakalomkata Mama maini ni kusikia kwa mtu mwingine. Waombe wanyamaze, na usimwongeze wa tatu. Ukisikia fununu imeanza kuzunguka, usisubiri tarehe 3. Nenda siku hiyohiyo.

Mazungumzo yenyewe yasizidi dakika 20. Omba nafasi siku moja kabla, faragha, asubuhi, na isiwe kati ya tarehe 20 na 28 ambapo nyote mna presha ya kufunga hesabu. Usianze kwa kuzunguka. Watu wengi humsifu mkuu dakika 5 nzima, naye anakaa roho juu akisubiri pigo, kiasi kwamba sifa zenyewe hazisikiki. Sema jambo katika sentensi ya kwanza: "Mama, nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu: nimeamua kuacha kazi. Naenda kusomea ufundi wa umeme wa jua, na siku yangu ya mwisho ningependa iwe tarehe 31 Julai." Kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kushangaa, hata ya kukasirika. Ukiona kimya kimekuwa kizito usikijaze kwa maneno, wala usianze kuomba radhi, maana kuomba radhi kunampa picha kwamba kuna kosa limetendeka.

Akishaongea, mpe mambo mawili tu. La kwanza ni shukrani yenye kitu ndani yake. "Asante kwa kila kitu" ni maneno matupu. "Uliponipokea sikuwa hata najua kulinganisha hesabu za benki, na kozi uliyonipigania ndiyo iliyonifanya niweze kubeba mishahara ya watu 86 peke yangu" ni shukrani ambayo haiwezi kutolewa na mtu mwingine kwake. La pili ni karatasi moja ya mpango: Juni nafanya mimi na mtu mpya anaangalia, Julai anafanya yeye, hati ya makabidhiano itakuwa tayari tarehe 20 Juni, benki tunaanza kushughulikia wiki hii. Karatasi hiyo inafanya kazi kubwa kuliko maneno. Anayeipokea anaona umeifikiria shida yake kabla yeye hajaanza kuihisi.

Atakuuliza kwa nini. Jibu ni fani unayoiendea, basi. Kama una malalamiko ya miaka 7, na kila mtu anayo, hapo si mahali pake. Kwenye mahojiano ya kuondoka na idara ya rasilimali watu unaweza kusema mambo ya kazi yanayorekebishika, kwa mfano kwamba mishahara ya watu 86 kuwa mikononi mwa mtu mmoja asiye na msaidizi ni hatari kwa kampuni. Majina ya watu yaache.

Nyongeza ya mshahara ataitaja, pengine hapo hapo. Jiulize leo, ukiwa umetulia: kinachokuondoa ni kitu ambacho fedha inaweza kukirekebisha? Kwako si hivyo, hukuwa ukikesha na nyaya wikiendi kwa sababu mshahara ni mdogo. Basi jibu lisiwe na mlango ulio wazi nusu. "Nitafikiria" ni ukatili kwake, kwa kuwa atasimamisha kutafuta mtu mpya wiki nzima akikusubiri. Mwambie: "Nakushukuru kwa kunithamini, Mama. Ningekuwa naenda kazi nyingine ya uhasibu tungezungumza. Hii ni fani nyingine, na nimeshaamua." Akirudi nayo tena baada ya siku mbili, na wengi hurudi, jibu liwe lilelile kwa maneno yaleyale.

Barua iandike ikae mfukoni wakati wa mazungumzo, umkabidhi mwishoni. Sababu ya barua zako kufika kurasa mbili ni kwamba unajaribu kuweka mazungumzo yote ndani yake. Barua ya kuacha kazi ni kumbukumbu ya faili. Itasomwa na mtu asiyekujua miaka 5 ijayo akitafuta tarehe. Na kuna neno moja la kuchunga. Wengi huandika "naomba kuacha kazi". Ukiomba, unafungua mlango wa kujibiwa "ombi lako halijakubaliwa", na mtu anaanza kubishania kama notisi imeanza au bado. Kuacha kazi ni taarifa, kwa hiyo andika "nakujulisha". Inatosha hivi:

"Tarehe 3 Juni. Kwa Mkuu wa Idara ya Fedha. YAH: KUACHA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakujulisha kuwa naacha kazi katika nafasi yangu ya Mhasibu wa Mishahara. Siku yangu ya mwisho ya ajira itakuwa tarehe 31 Julai, muda unaozidi notisi ya mwezi mmoja iliyo katika mkataba wangu. Katika kipindi hiki nitaandaa hati ya makabidhiano na kumwelekeza mtu utakayemteua katika mizunguko ya mishahara ya Juni na Julai. Naomba nipewe kwa maandishi mchanganuo wa malipo yangu ya mwisho, siku za likizo zilizobaki na salio la makubaliano ya mafunzo. Nashukuru kwa miaka 7 ya kazi na kwa mafunzo niliyopewa."

Chapisha nakala mbili. Moja abaki nayo, nyingine asaini na kuandika tarehe ya kupokea, ukae nayo nyumbani. Akiwa hana hali ya kusaini siku hiyo, usimlazimishe; itume kwa barua pepe kwake na kwa afisa rasilimali watu kabla ya saa za kazi kwisha, nakala ije kwenye anwani yako binafsi. Wafanyakazi wengine waambiwe na Mama mwenyewe, kwa maneno yake na wakati wake.

Sasa makabidhiano, na hapa tutakaa kidogo. Kosa la kawaida ni kuandika orodha ya majukumu: "kuandaa mishahara, kuwasilisha makato, kutoa hati za mshahara". Hiyo mtu mpya ataipata hata kwenye tangazo la kazi. Andika kwa tarehe za mwezi. Tarehe 18 naandikia idara ya madereva kuwakumbusha saa za ziada. Tarehe 20 nikiwa sijapata, napiga simu, na ninayempigia ni msimamizi wa zamu, si mkuu wa idara, kwa sababu yeye ndiye mwenye daftari. Tarehe 22 naingiza waajiriwa wapya na walioondoka. Tarehe 24 nalinganisha jumla ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, na kila tofauti naiandikia sababu yake. Chini ya kila tarehe weka faili liko wapi, nani anaulizwa, na nini huwa kinaharibika.

Kisha kuna vitu ambavyo havijaandikwa popote. Ni nani ana makato ya amri ya mahakama? Nani analipwa kwa akaunti mbili? Nani alipewa mkopo wa kampuni kwa mdomo, na unamkata kwa kumbukumbu tu? Vitafute kwa kupitia hati za mshahara za mwezi mmoja, mtu mmoja mmoja, wote 86. Kila unapoona kiasi ambacho mfumo haukukokotoa wenyewe, andika mstari. Itakuchukua karibu siku mbili, na hakuna kazi nyingine ya mwezi huo yenye thamani kubwa kuliko hiyo.

Ukishaandika, ijaribu. Mpe mtu mpya hati, afanye zoezi la mwezi uliopita, nawe ukae bila kusema. Kila swali analokuuliza ni mstari unaokosekana. Usimjibu kwa mdomo ukaishia hapo. Jibu, kisha uandike.

Benki ianze wiki ya kwanza ya Juni. Kubadilisha mtumiaji kwenye mfumo wa malipo wa kampuni kunahitaji barua yenye saini za wenye mamlaka, vitambulisho vya mtu mpya, na siku ambazo benki inajipangia. Hakikisha mambo matatu: mtu mpya ana jina lake mwenyewe kwenye mfumo, namba za siri za mara moja zinaenda kwenye simu yake, na jina lako limefutwa kwa maandishi ifikapo siku ya mwisho. Hilo la mwisho linakulinda wewe. Malipo yenye kasoro yakifanyika Septemba kwa jina lako, utakuwa na maelezo ya kutoa. Kagua na mifumo ya makato na kodi, mara nyingi barua pepe au simu iliyosajiliwa huko ni ya mtu binafsi. Nywila usiziandike kwenye hati. Mwenye mamlaka ya mfumo azibadilishe.

Malipo yako ya mwisho usiyaandae mwenyewe, hata kama wewe ndiye unayejua kufanya. Mama au mtu mpya ayakokotoe, wewe uyakague na kusema kwa maandishi kama kuna tofauti. Na usitoke na nakala ya faili lolote la mishahara, hata la mfano wa kazi yako nzuri. Zile ni siri za watu 86. Chukua vya kwako: mkataba, hati zako za mshahara za miezi 12, taarifa ya michango yako ya pensheni, barua ya kuthibitisha utumishi, na nakala ya fomu ya kurudisha vifaa yenye saini na namba ya kompyuta uliyoirudisha. Kompyuta usiifute. Hamisha picha na karatasi zako binafsi, na kazi ibaki ilivyo.

Mishahara ya Julai ikishatoka, unaweza kuomba siku 3 za likizo, tarehe 29 hadi 31, na zile 11 zilipwe. Ndiyo maana tulikokotoa 11. Ukikubaliwa, kurudisha vifaa na kusaini fomu kufanyike tarehe 28.

Kabla ya siku hiyo, muulize Mama kama yuko radhi kuwa mdhamini kwenye wasifu wako. Muulize ana kwa ana, mpe nafasi ya kukataa. Kwa kuwa unabadili fani, mwongoze kidogo: mwajiri wa mafundi hatajali unaijuaje programu ya mishahara, lakini atajali kwamba ulishika fedha za watu miaka 7, na kwamba kila mwezi tarehe zilitimia. Mwombe aseme hayo.

Utajikuta unataka kumwambia, "Mkinihitaji wakati wowote nipo." Ahadi hiyo haina mwisho, na utakapochoka kuitimiza, undugu wote utaingia doa. Mpe yenye mipaka: maswali kwa simu hadi mzunguko wa Agosti ufungwe, saa za mapumziko ya mchana au baada ya saa 11 jioni. Wakitaka zaidi ya hapo, iwe kazi ya saa zilizohesabiwa, kwa malipo na kwa maandishi.

Tarehe 25 Agosti ukitoka darasani mchana, washa simu. Ukikuta wamekupigia, jibu kwanza ukurasa gani wa hati, kisha umsomee mtu mpya mstari wenyewe. Na usipokuta kitu, mtumie Mama salamu fupi, umuulize anaendeleaje, bila kuuliza habari za mishahara.